Nyumba ya Babu Imeanza Kujibu

Mimi sikutaka kukarabati nyumba. Hilo lieleweke kabisa, maana ndugu zangu wa Dar wananipigia simu kunipongeza, "Hongera kaka, umeikumbuka nyumba ya babu," nami nameza mate naitikia ahsante. Nilichotaka ni kusikiliza muziki tu.

Nyumba yenyewe iko Ngamiani, Tanga, kwenye mitaa inayoitwa kwa namba, ambako ukimwelekeza mgeni unamtajia barabara ya ngapi naye anapotelea ya ngapi nyingine. Ni nyumba ya Kiswahili kama unavyoijua: vyumba vitatu huku, vitatu huku, ukumbi umepita katikati kutoka barazani mpaka uani, jiko na choo huko nyuma. Kuta ni miti, udongo na mawe, juu zimepigwa plasta. Paa la bati. Vyumba vyote sita vina upana mmoja, mita 3, kwa sababu ndivyo boriti za mkoko zilivyoamua. Boriti ikiisha, chumba kimeisha. Babu hakuwa na usemi, na mimi mjukuu wake, miaka yote hii baadaye, bado sina.

Sasa muziki. Miaka ya 1960 na 1970 mji huu ulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz upande wa dansi, Black Star na Lucky Star upande wa taarabu, na babu aliwasikiliza wote kwenye redio moja ya betri iliyokuwa inachapwa kofi ndipo itoe sauti. Gitaa la besi ndani ya redio ile hakuwahi kulisikia. Redio haikuwa na habari nalo. Nikasema, mimi nitamlipia babu deni hilo. Nikanunua spika mbili za besi za inchi 15, mtumba, zimetumikia ukumbi wa harusi mpaka zimeota kutu kwenye fremu.

Ukiwa na besi bila boksi hujanunua kitu. Koni ya spika ikisukuma hewa mbele inavuta nyuma, hewa hizo mbili zinakutana pembeni zinamalizana, unabaki na sauti ya nyuki ndani ya kopo. Lazima boksi. Nikaulizia mafundi wa maboksi, nikatajiwa bei, nikacheka, nikagundua mwenzangu hacheki. Basi nikaenda kununua vifaa nitengeneze mwenyewe. Grenda, drili, randa ya umeme, msumeno wa umeme, gundi ya mbao, msasa, pima maji. Jumla ya pesa niliyotoa, ningelipa yule fundi, ningemnunulia na shati.

Kwa bahati mtaani kwetu kuna mzee fundi seremala, ndiye aliyetengeneza mlango wa mbele wa nyumba hii akiwa kijana. Nilimkuta barazani kwake anacheza bao, nikamwamkia, nikamweleza. Akaniangalia kwa huruma. "Mjukuu wangu, kabati la nguo huna, unataka kabati la kelele." Lakini akaja.

Kazi ya mzee yule usiisimulie. Plaiwudi ya milimita 18, shiti mbili za futi 4 kwa 8, alizipanga chini uani akazitazama kama mtu anayesoma barua, kisha akachora mistari, na mwisho vilibaki vipande viwili tu vya kukunia nazi juu yake. Vifaa vyangu vya umeme hakuvigusa. Alitumia msumeno wake wa mkono, na patasi ya babu niliyoikuta juu ya dari, ya nusu inchi, mpini wa mpingo. Patasi ile aliipenda. Aliinoa juu ya jiwe, akajinyolea nywele za mkononi kuijaribu, akasema, "Chuma hiki hakitengenezwi tena." Siku ya pili akasema tena. Siku ya tatu akasema mara mbili. Nilizihesabu, ndiyo maana nasema.

Maboksi yakasimama, kifua kwa kifua na mimi. Ndani tukabandika vipande vya godoro bovu ili sauti isirudirudi. Tukatia gundi, tukakaza parafujo, tukafunga. Kesho yake asubuhi naitafuta patasi niendelee na vishikio. Patasi hakuna.

Nilitafuta uani, ukumbini, kwenye takataka za mbao, mpaka bandani kwa kuku. Mzee amekaa kwenye kigoda anakunywa chai. Sasa sisi watu wa pwani hatumwambii mtu mzima kwamba ni mwizi. Tunaizungumzia hali ya hewa. Nikasema, nikiangalia mbinguni, "Vyombo vya siku hizi, mzee, vinaota miguu."

Hakujibu. Alimaliza chai yake, akasuuza kikombe mwenyewe, akakusanya vyombo vyake kimoja kimoja kwenye kikapu huku ananionyesha kila kimoja, msumeno huu, nyundo hii, futi hii, akasema "Haya, alamsiki," saa tatu asubuhi, akaondoka. Hakurudi tena.

Nami nikawasha muziki.

Dakika ya kwanza ilikuwa tamu, sikatai. Besi ilinigonga tumboni mahali ambapo redio ya babu haikuwahi kufika. Dakika ya pili dirisha likaanza: trrrrr. Nikalishika kwa mkono, likanyamaza, nikasikia bati la jikoni: chachacha. Nikatoka kulisikiliza bati, nikiwa uani nikasikia kabatini sinia za mke wangu zinaongea. Nyumba nzima imechangamka. Ilikuwa imekaa kimya miaka na miaka na kasoro zake, sasa imepata mtu wa kuiuliza hali, na kila kiungo kinataka kueleza kinapoumwa.

Nikatafuta kwenye simu programu inayotoa mlio mmoja mmoja, kuanzia hezi 20, yaani mitetemo 20 kwa sekunde, kwenda juu, nimkamate kila mkorofi na namba yake. Hiyo ndiyo siku niliyoharibikiwa. Maana kila kilicholegea kina mlio wake kinaoupenda, na ukikipigia huo tu kinacheza peke yake wengine wametulia. Hezi 44, bati la jikoni. Hezi 52, dirisha la chumba cha watoto. Hezi 68, sinia. Hezi 75, komeo la choo, na aliyekuwemo ndani akatoka mbio akidhani anagongewa. Nikawa natembea na daftari. Mke wangu akaniangalia nimepiga magoti ukumbini sikio liko ukutani, akasema, "Baba watoto, nyumba hii ilikuwa mbovu kimyakimya. Wewe ndiye uliyeipa kipaza sauti."

Fundi sina. Nimemfukuza kwa mafumbo. Nikaanza mwenyewe.

Bati nikalipigilia misumari. Msumari wa tatu haukushika, unaingia kama kwenye mkate. Nikaparua mbao na bisibisi, ikamwagika unga: mchwa walikula wakamaliza, wakaacha rangi tu ndiyo imeshika bati. Mbao nne mpya za msonobari, na oili chafu ya kuzipaka ili mchwa wasirudi, na suruali yangu moja iliyopakwa bila kukusudiwa. Boriti za mkoko pembeni yake, ambazo ni babu wa mbao zile, nzima kabisa, mchwa wamezipita kwa heshima.

Ukuta nao. Nilitaka kutoboa tundu moja, tundu moja ndugu yangu, nipitishe waya wa spika. Drili ikaingia sentimita mbili za plasta, kisha ikaacha kupata upinzani, ukuta ukaanza kumwaga mchanga. Unamwaga tu. Nikaweka kidole kuzuia, nikabaki nimesimama pale nimeziba ukuta kwa kidole, namwita mtoto alete kitambaa. Mpaka nimechanganya saruji ya kuziba, tundu la waya limekuwa dirisha dogo. Na saruji yenyewe haikukubali udongo, baada ya wiki mbili ilitoka kipande kizima kama jino la utotoni.

Lakini kilichoniumiza ni mlango. Mlango wa mzee, wa mvule, milango miwili ya kukutana katikati. Hezi 61 ulikuwa unagongagonga kwenye fremu, na juu ya hilo ilikuwa masika, umevimba, haufungi mpaka uusukume kwa bega. Nikachukua randa ya umeme. Sijui kama umewahi kuishika randa ya umeme mara ya kwanza: inakupa raha ya ajabu, maganda ya mbao yanaruka, unajiona fundi. Nilipiga randa mpaka milango ikafungana kwa kidole kimoja. Nilimwita mke wangu kuja kuusukuma. Nilimwita na jirani.

Nimekuja kujifunza baadaye kwamba mbao haivimbi kwa urefu, inavimba kwa upana, na ilichovimba kwenye mvua inarudisha kwenye jua. Masika yakakatika. Jua la Tanga likauchukua mlango, ukajirudi, na sasa pale katikati pana upenyo ambao paka anapita bila kugusa masharubu. Jirani yule yule niliyemwita kuusukuma sasa akipita barabarani ananiamkia nikiwa nimekaa ndani kwangu.

Na umeme! Kila kifaa kinakula uniti. Nikiwasha randa, mke wangu anaangalia mita ya luku; nikiwasha muziki, anaangalia luku; nikizima vyote anaangalia mimi.

Kuna jambo jingine la kuudhi. Mlio wa hezi 57 wimbi lake lina karibu mita 6, nusu yake mita 3, ndiyo chumba changu ukuta kwa ukuta. Ukikutana na kipimo chake namna hiyo, mlio unajazana ukutani na katikati ya chumba panabaki pakavu. Kiti changu kiko katikati. Kitanda kiko ukutani. Kwa hiyo mimi mwenye spika sisikii besi ya noti hiyo, naongeza sauti, na mke wangu anayetaka kulala anaipata yote. Nimemweleza kwamba lawama ni za mkoko. Hakukubali.

Majirani nao wana haki yao. Bi Mkubwa wa nyumba ya pili alikuja mwenyewe na mkongojo. Nikadhani kafuata muziki. Akasema, "Taarabu mwanangu ningevumilia, hata dansi. Hicho chako cha mmmmmm ndicho nini? Kama maiti anakoroma." Mwalimu mstaafu wa ng'ambo ya barabara yeye alinikumbusha kwamba ziko kanuni za mazingira za mwaka 2015, za udhibiti wa kelele na mitetemo. Akasisitiza na mitetemo. Kelele ningeweza kubisha.

Basi mwezi wa tano wa shughuli hii, daftari langu lote limepigwa mistari. Bati limetulia, madirisha nimeyatia raba, sinia zimelazwa kwenye khanga. Nyumba ina mbao mpya, fremu mpya mbili, dari imesafishwa, rangi imepakwa chumba kimoja na nusu. Mtu akipiga picha kutokea upande wa kulia, nimekarabati. Nikakaa kwenye kiti changu, safari hii nimekisogeza ukutani, nikaweka dansi la zamani, nikafumba macho.

Ngrrr.

Noti moja tu, ya chini, ikipita kwenye gitaa la besi: ngrrr. Nikatoa simu. Hezi 48. Nikazunguka nyumba nzima na mlio ule, dirisha kwa dirisha. Nikapanda darini. Nikakaza kitasa ambacho hakijalegea. Nikamtoa kuku nje. Siku tatu. Siku ya nne nimechoka, nikaegemea spika ya kushoto kwa tumbo, nikaisikia mle mle ndani yake. Kitu kigumu, kinakimbia juu ya ubao.

Nilijua kabla sijafungua. Mwili ulijua. Nilisubiri mke wangu alale, nikafungua parafujo nane za besi, nikaitoa, nikaingiza mkono mpaka kwapani, nikapapasa chini ya kipande cha godoro kilichobanduka. Mpini wa mpingo.

Nikakumbuka na namna ilivyoingia. Ni mimi niliyekuwa nasawazisha godoro kwa ncha yake dakika ya mwisho, mzee kashika ubao wa nyuma juu kwa mikono miwili ananiambia, "Fanya haraka, gundi inakauka."

Asubuhi nikavaa kanzu. Nikaifunga patasi kwenye gazeti, nikatembea. Njia nzima napanga maneno: kwamba kuna jambo dogo limetokea, kwamba binadamu ni kusahau, kwamba na mlango nao una tatizo kidogo ukipata nafasi. Nilimkuta palepale barazani, kete mkononi, wazee wenzake watatu wamemzunguka, wote wakaacha kucheza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mjukuu wangu." Akalitazama gazeti, akatazama ukubwa wake, akatia kete moja shimoni taratibu. "Imetembea peke yake, au umeibeba?"