Cirhuza si Siruza: tuandikeje sauti za majina yetu?

Siku ya kutoa diploma Bukavu, msomaji wa majina akiwa mgeni kutoka Kinshasa au Lubumbashi, kuna hatari Cirhuza akaitwa Siruza. Macho ya mgeni huyo yamezoea Kifaransa, ambako c mbele ya i ni s. Washi, wenyeji wa Bukavu mashariki mwa Kongo, wanaiandika c na kuitamka ch. Kijana aliyesota miaka mitano chuoni, wazazi wake wamevaa vitenge vipya na kuketi ukumbini, anastahili kuitwa jina lake. Ndiyo maana lipo pendekezo kwamba orodha za sherehe na beji za mikutano zibebe jina mara mbili: kama lilivyo kwenye hati, na kama linavyotamkwa. Naliunga mkono. Ugumu ni kwamba hayo matamshi yanaandikwa kwa ajili ya masikio ya nani?

Chukua jina la daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018 pamoja na Nadia Murad. Msomaji wa Kiswahili hahitaji msaada wowote. Mfaransa anayefuata kanuni za lugha yake ataifanya ge ya mwisho isikike kama mwanzo wa Jean, kwa hiyo yeye ungemwandikia moukwégué. Mpe Mwingereza maandishi hayo, atapotea. Wake ni moo-KWEH-geh. Jina moja limeshakuwa na maandishi matatu, na kila moja linampoteza msomaji wa jingine.

Na hao wa Kiingereza nao hawana lafudhi moja. Mtu wa London kwa kawaida hatamki r isiyofuatwa na irabu, hivyo anaweza kumwelekeza mwenzake kwenye jina Bahati kwa kuandika bar-HAR-tee, maana kwake ar ni a ndefu tu. Mskoti akisoma hapo, au Wamarekani wengi, atatia r mbili ambazo hakuna mama wa Goma aliyewahi kumwita nazo mwanawe. Kilichoandikwa pale ni lafudhi ya mwandishi.

Wanafonetiki, yaani wataalamu wa sauti za lugha, walilishughulikia jambo hili zamani. Chama chao cha kimataifa kilianzishwa Paris mwaka 1886, na mwaka 1888 kikatoa alfabeti ambayo kila alama ina sauti yake. Kwa usahihi ni vigumu kuipita. Lakini mtangazaji wa redio au muuguzi anayeita wagonjwa hakufundishwa alama hizo. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp unafaa zaidi, nami ningeutanguliza popote inapowezekana. Ila aliyesimama jukwaani na majina mia mbili mkononi hawezi kuusikiliza.

Wapo wanaokataa kazi hii yote, na hoja yao inauma: watoto wetu walijifunza kwamba Bordeaux inaishia kwa o bila Mfaransa kujisumbua kuwaandikia maelezo. Kwa nini sisi tu ndio tuhangaike? Naiheshimu hoja hiyo. Hata hivyo, Kifaransa tulikifundishwa darasani miaka mingi, wakati Kimashi, lugha ya Washi, hakifundishwi Kinshasa, wala Kiluba hakifundishwi Bukavu. Mara nyingi anayeliharibu jina hana dharau, hakuonyeshwa njia.

Njia yenyewe, kwangu, ianzie kwenye herufi za Kiswahili. Irabu zake tano hazigeuki, na ch, sh na ny zinasomeka vilevile Goma na Lubumbashi. Tutenganishe silabi, na ile yenye mkazo iwe ya herufi kubwa, kwa kuwa sikio la Kifaransa husukuma mkazo mwishoni: mu-KWE-ge. Kwa mgeni tuongeze mfano wa konsonanti inayomtatiza, kutoka neno linalotamkwa karibu sawa kila mahali: g kama ya Goma. Mifano ya irabu tuiepuke, kwani irabu ndizo lafudhi huzivuruga kwanza.

Njia hii ina hasara. Kimashi kina toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, na herufi hizi haziibebi. Halafu ipo rh ya Kimashi, kama ile ya Cirhuza. Murhabazi wa Bukavu ni jina moja kwa asili na Mutabazi wa Rwanda. Ukiliandika kwa r unalipotosha, ukiliandika kwa t unamhamisha mtu nchi. Hapo aamue mwenye jina, si mratibu wa sherehe.

Hofu yangu kubwa iko kwenye hati. Tayari Cikuru na Chikuru ni jina lilelile, Ngoy na Ngoie vilevile. Kwa Wakongo wengi kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho, na herufi moja ikitofautiana na ya diploma, mtu anaanza kuzunguka ofisi akithibitisha kwamba yeye ni yeye. Matamshi yaandikwe chini ya jina, kwa herufi ndogo, kwenye beji na kwenye karatasi ya msomaji. Kwenye fomu ya kitambulisho nafasi hiyo isiwepo kabisa.