Auerbach alipewa kazi, hakupewa pole tu

Kila mtu akiandika habari za Erich Auerbach, yule mtaalamu wa fasihi, stori ni ileile, eti ukimbizi ndo ulimfanya aandike Mimesis, kitabu chake kuhusu jinsi fasihi ya Ulaya inavyochora maisha halisi, eti shida ilimzalia kitabu. Mi sikubali kabisa.

Huyu mzee alikuwa profesa chuo cha Marburg, Ujerumani, Myahudi wa Berlin aliyepigana vita ya kwanza upande wa Ujerumani mpaka akajeruhiwa, na bado 1935 Wanazi wakamtimua kazini. 1936 akaenda Istanbul, Uturuki. Sasa angalia alichokikuta kule: serikali ya Atatürk ilikuwa imekifumua chuo kikuu tangu 1933 na inatafuta maprofesa, Leo Spitzer, mtaalamu mwenzake wa fasihi aliyefukuzwa chuo cha Cologne, keshatangulia, na Spitzer alipoondoka kwenda chuo cha Johns Hopkins Marekani nafasi yake akaishika Auerbach. Yaani jamaa alikuwa na mshahara, ana wanafunzi, ana pa kulala na familia yake, miaka 11.

Vitabu vilikuwa vichache kweli, mwenyewe kasema mwishoni mwa Mimesis kwamba angekuwa na maktaba kubwa labda asingefika hata kuanza kuandika, na watu wameing'ang'ania sentensi hiyo tu. Wanamsahau Roncalli, mwakilishi wa Papa kule Uturuki aliyekuja kuwa Papa Yohane XXIII, ndo alimruhusu aingie maktaba ya watawa wa Kidominiko pale Galata, mtaa wa Istanbul, asome mababa wa Kanisa kwa Kilatini. Soma sura ya kwanza, yaya mzee anamwosha miguu Odysseus, shujaa wa utenzi wa Homer, anapapasa kovu pajani, anamtambua, halafu Auerbach anaiweka hiyo kando ya Ibrahimu anayempeleka Isaka mlimani kwa maneno machache mno. Kuandika vile kunataka akili iliyotulia, siyo mtu anayewaza atakula nini.

Marekani alienda 1947, akahangaika kidogo mpaka chuo cha Yale wakamchukua 1950, akafariki 1957.

Kwetu huku wapo walimu wa vyuo waliokimbia Kongo na Burundi, vyeti vimefungwa kwenye mfuko wa nailoni, mtu aliyefundisha fasihi anapanga foleni ya mgao wa unga. Shida wanazo za kutosha, mbona vitabu hatuvioni? Vyuo vya Dar, Nairobi na Kampala vianze hata na mkataba wa mwaka mmoja, mtu afundishe kozi mbili, apewe kadi ya maktaba, na serikali imruhusu atoke kambini.