Kabla ya Kuoga Maji Matamu Kwale

Bahari imetuzoesha vibaya sisi watu wa Pwani. Tukiamua leo ni kuogelea, tunabeba taulo na kwenda. Maji matamu hayaendewi hivyo, na nasema haya kwa sababu kila likizo ya shule naona makundi ya vijana yakipanda Kwale bila kuuliza lolote kuhusu maji wanayoyafuata.

Maporomoko ya Sheldrick yako ndani ya Hifadhi ya Shimba Hills, na maji yake huanguka takriban mita 21. Kutoka Likoni unakata kulia pale Kombani. Anayeikwepa feri apite barabara ya Dongo Kundu. Malipo ya kiingilio yamalize kwenye eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, ukiwa bado nyumbani. Kisha kuna mwendo wa miguu wa kama kilomita 2 kushuka msituni, ukiongozwa na askari wa KWS, shirika la wanyamapori, kwa sababu ndovu wamo humo. Anza asubuhi. Kushuka ni kwepesi, ila kuna kupanda wakati wa kurudi, na watoto huchoka hapo.

Msimu nao una neno. Masika hapa kwetu hupamba moto Aprili na Mei, mto ukashuka na magogo na tope. Januari hadi Machi maji hupungua. Mimi naipenda Julai hadi Septemba. Hata hivyo, maji yakigeuka rangi ghafla ilhali juu yako jua linawaka, toka upesi: mvua imenyesha huko juu. Na usijirushe kichwa kwanza mahali usipojua kina chake.

Lakini kinachonikereketa zaidi ni kichocho, ugonjwa wa vimelea vya majini. Tunaulizana kuhusu mamba na nyoka, na huyu adui mdogo hatumtaji, ilhali Kwale ni miongoni mwa sehemu za Kenya ambako kichocho cha mkojo kimekuwepo miaka mingi. Chuchumaa ukingoni mwa kidimbwi chochote kilichotuama, geuza jani la yungiyungi: mara nyingi utakuta konokono wadogo wa kahawia wameng'ang'ania chini yake. Baadhi ya konokono wa aina hiyo hubeba vimelea vinavyoachiliwa majini kwa wingi jua likiwa la mchana, na vikapenya ngozi kwa dakika chache tu. Mara nyingi hutahisi kitu. Maji yanayokwenda kasi chini ya kivuli cha msitu hayampi konokono makao mazuri, ingawa hiyo si kinga kamili. Ndiyo maana naona ni afadhali kutoa kiingilio na kutembea mpaka maporomokoni kuliko kujitosa bure kwenye bwawa la njiani, eti kwa vile wenyeji wanaoga hapo. Wenyeji wenyewe wanaugua, tena watoto zaidi.

Serikali ya kaunti ingeweka kibao kwenye kila bwawa ambalo konokono hao wamepatikana, kwa Kiswahili na Kidigo. Hilo halihitaji mkopo wa nje.

Na wewe uliyekwisha kuoga penye shaka, usikimbilie kupima kesho yake, kwani mayai ya vimelea huchukua wiki kadhaa kuonekana kwenye mkojo. Nenda baada ya miezi miwili hivi, umweleze daktari ulioga wapi. Ukiona damu kwenye mkojo kabla ya hapo, nenda siku hiyohiyo. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, na ni vidonge vya kumeza tu.