"Achilia tu, rangi zenyewe zinajua"

Nimetazama video ya mwalimu mmoja wa uchoraji wa dhahania, ule usioiga umbo la kitu chochote, dakika arobaini nzima, na bado damu inanichemka. Kila akimaliza sentensi mbili: usifikiri, achilia tu, rangi zenyewe zinajua zinakokwenda. Ehe! Rangi ipi hiyo yenye akili?

Mimi bwege nikamwamini. Nikamwaga bluu, nikaivamia na rangi ya chungwa ikiwa ingali mbichi, nikatia zambarau eti kwa sababu mkono "umetaka". Kwa muda mfupi paliiva kweli: pale bluu ilipopakana na chungwa, mpaka wao ulikuwa kama unatetemeka. Nikanogewa, nikapitisha brashi tena. Na tena. Nikabaki na turubai zima la tope, lile la maji ya kusuuzia brashi.

Hakunitajia kwamba rangi pinzani, kama bluu na chungwa, zikilala ubavu kwa ubavu huchocheana, ila ukizikoroga pamoja zinauana. Hilo halikuhitaji kuachilia chochote, lilihitaji kujua.

Halafu hawa wa "achilia tu" wanamsingizia mchoraji Kandinsky, eti naye aliachilia tu. Ule mchoro wake Composition VII wa 1913 aliupaka kwa siku zisizozidi nne, ndiyo. Ila kabla yake kulikuwa na kazi za maandalizi zaidi ya 30. Wasimulizi wetu wanapenda zile nne tu. Franz Kline naye, yule mchoraji wa mapigo meusi ya ghafla, mengi aliyakuza kutoka kwenye vijichoro vidogo.

Haya, mchoraji Helen Frankenthaler nawaachia, kwa shingo upande. Mwaka 1952, akiwa na miaka 23, alizimua rangi ya mafuta kwa tapentaini akaimwaga kwenye turubai tupu lililotandazwa sakafuni, kitambaa kikainywa. Dimbwi lingeishia wapi, hakuweza kulipangia yote. Lakini tazama alivyoacha sehemu kubwa za kitambaa bila kuzigusa. Mkono wake ulijua kukaa mbali. Wangu haujui.

Wale wanaoibeza michoro hii kwa "hata mwanangu anaweza" nao wamenichosha, ingawa mtoto ana bahati kunishinda: kuna mtu wa kumnyang'anya karatasi mapema.

Turubai langu liko nyuma ya mlango, limegeuzwa ukutani. Jana nililigeuza, nikafunika tope lote kwa magazeti, nikabakiza kona ya juu ambako brashi haikurudi. Bluu na chungwa bado zinatetemeka pale, upana wa kiganja.