Umeme wa hewani toka Arusha mpaka Moshi: unawezekana, ila hesabu inagoma

Tangu Rais Samia aseme Machi 2025, akiwa huku huku Kilimanjaro, kwamba kanda ya kaskazini itanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya maana wetu unatoka mbali na unapotea sana njiani, kuna hoja haiishi vijiweni hapa Moshi: kwa nini tuhangaike na nguzo na waya wakati mvumbuzi Nikola Tesla alishagundua umeme wa kurusha hewani, matajiri wakamzima?

Siidharau hiyo hoja. Mtu ambaye migomba na kahawa yake imefyekwa kupisha mkuza (njia ya laini ya umeme), na fidia anaisubiri mpaka leo, lazima atamani umeme usio na waya. Na kurusha kunawezekana kweli. Mwaka 1975 kule Goldstone, California, William Brown na wenzake walirusha maikrowevu, mawimbi jamii ya yale ya redio, kama kilomita moja na nusu wakadaka zaidi ya kilowati 30. Mwaka 2025 DARPA, shirika la utafiti wa kijeshi la Marekani, wakatumia leza, yaani mwale mwembamba wa mwanga, kilomita 8.6, wakapata wati 800, tena kwa sekunde 30 tu.

Tesla mwenyewe ni kweli alinyimwa hela, J.P. Morgan aligoma kuongeza na mnara wa Wardenclyffe ukabomolewa 1917, ila umeme wa maana hakuwahi kuufikisha mbali bila waya. Alitegemea ardhi yenyewe iubebe, na fizikia haikukubali.

Sasa piga hesabu ya kwetu. Arusha na Moshi ni kama kilomita 80, na maikrowevu ya gigahezi 2.45 inatanuka kadiri inavyokwenda, kwa hiyo ukitaka kudaka zaidi ya asilimia 80 unahitaji dishi la upana wa mita 150 hivi la kurushia na lingine kama hilo la kupokelea (uwanja wa mpira una urefu wa mita 105 tu), na yaonane bila kilima katikati. Ukipokea megawati 10, ambazo kwa mji ni kidogo, pale kwenye dishi ni zaidi ya wati 500 kwa kila mita ya mraba wakati kiwango cha kimataifa cha usalama kwa raia ni wati 10, na katikati ya njia hiyo ndipo ulipo uwanja wa ndege wa KIA, ndege zinashuka na kupaa kila siku!

Lakini kinachoniumiza zaidi ni upotevu, maana ndio tulioanza nao. Ugeuze umeme kuwa maikrowevu, urushe, udake, uurudishe kuwa umeme, kila hatua inakula. Brown maabara 1975 alifikisha asilimia 54. Laini ya kilovoti 400 kama ile ya Singida, Arusha mpaka Namanga inapoteza asilimia chache tu kwa mamia ya kilomita, yaani tunakimbia upotevu halafu tunaenda kupoteza nusu nzima.

Mimi naiona kazi yake pale waya haufiki na umeme unaotakiwa ni mdogo: droni za uokoaji, au kambi ya Barafu mlimani Kilimanjaro, mita 4,673 juu ya usawa wa bahari, ambako redio na taa za dharura hazihitaji megawati. Hata hapo itabidi ishindane na sola na betri, na kwa leza sahau, wingu likishakaa mlimani haipiti, labda maikrowevu. Vijana wa Chuo cha Ufundi Arusha wakipewa hela ya majaribio waanzie hapo, kilomita moja mbili, wapime kinachofika ni kiasi gani.