Dalili hazishuki na basi

Wiki za kwanza za Januari, stendi kuu ya Moshi haimkosi mama anayerudi Dar es Salaam baada ya kula Krismasi kijijini, na pembeni yake binti aliyetafutiwa huko huko Rombo au Machame akamsaidie kazi. Mabasi yanayoingia nayo hushusha mabinti wengine, kutoka Singida, Kondoa au Lushoto, wanaokuja kufanya kazi kwenye nyumba za Moshi na Arusha. Ushauri mwingi kuhusu usafirishaji haramu wa binadamu unaelekezwa hapo: kondakta, mpiga debe na askari wa zamu wamwangalie msichana anayesafiri na mtu asiye mzazi wake, aliyelipiwa nauli, asiyejua mtaa anaokwenda.

Nia ni njema, ila ukiufuata ushauri huo neno kwa neno, karibu kila binti wa kazi anakuwa mhanga, pamoja na mtoto wa kaka yako uliyemchukua aje kusoma mjini.

Itifaki ya Palermo ya 2000, makubaliano ya Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, ambayo ndiyo msingi wa sheria yetu ya mwaka 2008 dhidi ya uhalifu huu, inaangalia mambo matatu. Kwanza kitendo: kumtafuta mtu, kumsafirisha, kumpokea au kumhifadhi. Pili njia iliyotumika: ulaghai, vitisho, nguvu, au kutumia shida aliyonayo. Tatu lengo, yaani kumnyonya, iwe kwa kazi ya kulazimishwa, ukahaba au utumwa. Si lazima mpaka wa nchi uvukwe; kutoka Lushoto hadi Sakina, Arusha, inatosha. Na kwa aliye chini ya miaka 18, njia haiulizwi kabisa, kwa hiyo utetezi wa "mama yake mwenyewe alikubali" hauna uzito. Kati ya hayo matatu, stendi inakuonyesha moja tu, la kwanza, ambalo hata shangazi mwema analifanya.

Wanaoogopa msako wa stendi wana hoja nzito. Kulea mtoto wa ndugu ni desturi iliyowatoa watu wengi mbali. Uliza ofisi yoyote ya Arusha uone wangapi walisomea kwa mama mdogo au kwa mjomba. Sheria ya Mtoto ya 2009 yenyewe inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, hivyo binti wa miaka 16 anayeosha vyombo kwa malipo si kesi kwa sababu tu anaosha vyombo. Halafu kuna la vitendo: ukikaza stendi, dalali mzoefu atampakia kwenye Noah barabarani, na atakayebaki kuhojiwa ni bibi aliyekuja na mjukuu wake bila cheti cha kuzaliwa. Tunajua mahojiano ya namna hiyo huishia wapi pale mtu anapotakiwa "kujiongeza" ili aachiwe.

Lakini desturi hiyo hiyo ndiyo pazia zuri kuliko yote. Dalali anayepokea chake kwa kila binti anayemfikisha haji kijijini akijitambulisha kama dalali. Anakuja kama ndugu wa mbali, au mtu wa kanisani, na maneno yake ni matamu: mtoto atasomeshwa, atajifunza cherehani, kila mwezi mtatumiwa kitu. Mzazi mwenye watoto sita na shamba lililokauka hatasubiri kuonyeshwa mkataba. Kwa hiyo anayesema tuiache mila ijilinde naye anakwepa ukweli, maana ulinzi wa mila ulitegemea kijiji kumfahamu anayemchukua mtoto na kumdai habari zake. Siku hizi binti anakwenda kwa mtu ambaye mzazi ana namba yake ya simu tu.

Kwa maoni yangu dalili zenye maana huanza kuonekana mwezi wa pili au wa tatu, nyuma ya geti. Shirika la Kazi Duniani (ILO) lina viashiria 11 vya kazi ya kulazimishwa, na kimoja kinachorudiwa sana ni kunyang'anywa hati za utambulisho. Hicho kinawagusa sana dada zetu walioenda Oman na kukabidhi pasipoti kwa waajiri. Binti wa Kondoa hana pasipoti ya kunyang'anywa. Anachonyang'anywa ni simu, na nauli.

Fuatilia mshahara. Amri ya kima cha chini ya 2022 iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa ndani anayeishi kwa mwajiri wa kawaida. Wengi hawapati hata hizo, na kulipwa kidogo peke yake ni dhuluma ya kawaida, ya kupelekwa idara ya kazi. Mambo hubadilika pale anaposikia "nakuwekea, utachukua ukienda kwenu", kisha hesabu inaanza kukatwa: nauli ya kumleta, nguo alizonunuliwa, sahani iliyovunjika, dawa ya malaria. Kufika Desemba yeye ndiye anadaiwa. Ongeza hapo kwamba haongei na mama yake ila simu ikiwa imewekwa sauti ya juu, haendi kanisani wala msikitini, hatumwi dukani peke yake, na shule aliyoahidiwa haitajwi tena. Moja kati ya hayo halithibitishi kitu. Wazazi wengi hushika simu ya binti yao wa kuzaa. Yakikusanyika, jiulize: akisema kesho naondoka, nini kitamzuia?

Anayeweza kulijibu swali hilo ni jirani, muuza genge, fundi aliyeitwa kurekebisha bomba. Ukishashuku, usianze kwa kumkabili mwenye nyumba, maana binti anaweza kuhamishwa kabla hujarudi na mtu. Kwa mtoto piga 116, ni bure. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na halmashauri ina afisa ustawi wa jamii. Wengi wetu hukimbilia kwa mwenyekiti wa mtaa, na mara nyingi ni sawa. Ila mwenyekiti naye ana binti wa kazi kwake, na pengine alitafutiwa na dalali yule yule. Ukihisi hivyo, mruke.