Kikao cha LUKU

Nimerudi jioni hii nakuta karatasi imebandikwa mlango wa choo, mahali ambapo hakuna mpangaji atakayesema hakuiona: "Chumba cha nne ataongeza elfu tano ya LUKU kwa sababu anasoma."

Kwa sababu anasoma! Si kwamba ana jiko la umeme, si kwamba ana pasi. Anasoma.

Mie ni mwanafunzi wa chuo kikuu, elimu masafa, shahada ya kwanza. Mtu na heshima zangu. Jina la chuo silitaji maana cheti bado hawajanipa. Mchana niko dukani Kariakoo nakunja vitenge vya watu, usiku namsikiliza mhadhiri kwenye simu, na bando hukata palepale anaposema "hili litakuja kwenye mtihani". Asaimenti unaituma, kiduara kinazunguka, saa sita inagonga, mfumo unajifunga. Hayo mnayajua.

Lakini karatasi chooni! Nikadai kikao. Tukakaa uani, wapangaji kwenye ndoo na vigoda, mama mwenye nyumba kwenye kiti chenye mgongo.

"Baba Rehema, mimi na wewe hatuna ugomvi. Ugomvi wangu ni uniti. Saa nane za usiku taa yako inawaka. Unafanya nini?"

"Nasoma, mama."

"Chuo gani hicho, mbona hatukuoni ukitoka na begi?"

"Cha masafa, mama. Hakuna kwenda. Chuo ndicho kinachonifuata nyumbani."

"Kumbe kimehamia kwangu! Kodi kinalipa?"

Uani wakacheka mpaka mtoto mchanga akaamka. Nikaona hapa panahitaji usomi. Nikasimama, nikakohoa kidogo, nikawaeleza kwamba Chuo Kikuu cha London kilianza kuwatahini watu wasiokanyaga darasani kwake tangu 1858, na kwamba hapahapa kwetu Bunge lilipitisha sheria ya Chuo Kikuu Huria mwaka 1992, makao yake yako Kinondoni, nauli ya daladala tu ukakione.

"Hiyo 1858 LUKU ilikuwepo?" akauliza kijana wa chumba cha pili.

"Haikuwepo."

"Basi walisomea koroboi. Na wewe kanunue koroboi."

Anasema hayo kijana mwenye sabufa! Sabufa ambayo ikilia sufuria zangu zinahama kabatini!

Nikatoa karata niliyoificha. Nikawaambia Mandela alisoma sheria kwa posta akiwa gerezani, na chuo kikuu cha UNISA cha Afrika Kusini kikampa shahada mwaka 1989 hata hajafunguliwa. Mandela, jamani! Uani kimya. Mzee wa chumba cha mbele akavua kofia. Nikajua hapa kesi imekwisha, nikaanza hata kukaa.

Mama mwenye nyumba akatafakari. "Na umeme wa huko gerezani alikuwa analipa nani?"

"Si serikali, mama."

"Haya. Kamwambie serikali ije ikulipie."

Wanaoafiki wanyooshe mikono. Wakanyoosha wote. Nageuka, namwona Mama Rehema naye kanyoosha, tena mkono wa kulia. Namuuliza kwa macho, ananijibu kwa mdomo mbele za watu: "Mwenzio hata usingizi sipati na hiyo taa."

Sasa na mie niulize. Friji la mama mwenye nyumba, lile linalogandisha barafu za kuuza mtaa mzima, linakula uniti za nani? Simu yangu nachaji usiku, asubuhi nachomoa. Friji lile tangu nihamie sijasikia limenyamaza! Kila mwisho wa mwezi nachangia barafu nisizozilamba, leo naambiwa shahada ndiyo inamaliza umeme! Na barafu zenyewe afadhali zingekuwa barafu. Ile ya ukwaju inanuka vibua, maana vibua vya chakula cha jioni anavihifadhi humohumo. Juzi Rehema kaja nayo mkononi, nikamwambia rudisha, ukadai hela yako. Kaenda, karudi nayo ileile. Kaambiwa barafu ikishalambwa hairudishwi. Leo nimemkuta ana nyingine, ya ubuyu, na hela kampa mama yake.